Nyumba ya Mazimwi ya Musinzira

Mama mdogo ndiye aliyetuletea habari za ile nyumba. Alifika kwetu Muyinga juu ya lori la maharage, kanga yake imejaa vumbi, na kabla hajanawa miguu akasema kwamba kwao Gitega, mtaa wa Musinzira, wazungu wa Norvegi, huko Ulaya, wamefungua nyumba ya mazimwi ya kwao. Watoto wanaingia na wazazi wao, wanayashika mazimwi, wanayavuta mikia, wanayalisha uji, halafu wanarudi nyumbani wakicheka. Mimi nilicheka palepale. Nchi nzima watu tunalala porini kwa kuwaogopa watu, halafu mtu anatoka huko kwenye barafu yake anakuja kutuonyesha mazimwi.

Mama hakucheka, maana mama mdogo alikuwa hajamaliza. Alisema mtoto wa jirani yake, ambaye hakufungua mdomo tangu kwao kulipochomwa, aliingia mle ndani akapiga ukelele, na tangu siku ile anaongea.

"Mi nilimusikia na masikio yangu," mama mdogo akasema. "Asubuyi anaomba chai, mangaribi anagombana na wenzake. Mutoto muzima. Bon, na huyu wetu tumupeleke."

Huyu wetu alikuwa mdogo wangu wa miaka saba. Alikuwa amekaa kizingitini, anaokota vipande vya vitambaa vilivyoanguka chini ya cherehani ya Mama na kuvipanga kwa rangi. Hakugeuka. Masikio yake hayakuwa na kasoro. Ukimtuma chumvi, analeta chumvi. Sauti tu ndiyo haikuwepo. Tulikuwa tumempeleka hospitali, tumempeleka kwa shehe akasomewa, tumemnywesha kombe mpaka akatapika. Mama alikuwa amefika mahali ambapo ukimwambia ampeleke mtoto akarambe jiwe, atakuuliza jiwe lenyewe liko wapi.

Sauti hiyo ilipotelea Mwakiro. Mwaka mmoja kabla, risasi zilipoanza kusikika mjini, tulikimbilia huko kwa mkulima mmoja aliyekuwa mteja wa Mama. Baba alikuwa Tanzania akitafuta pa kutuhamishia. Tulikuwa Mama, mimi, mdogo wangu, na kitinda mimba wetu, mtoto wa kiume aliyekuwa bado ananyonya. Asubuhi moja tukasikia wanashuka mlimani, wanagonga nyumba kwa nyumba. Sisemi ni akina nani. Miezi ile kila upande ulikuwa na watu wake wa kugonga.

Nyuma ya nyumba za wakulima wa kule kuna shimo la kuivishia ndizi za pombe. Unatandika majani makavu ya mgomba, unapanga ndizi, unafunika kwa majani mengine na udongo. Wakati wa vita ndizi ziliachwa zikaiva zenyewe, mashimo yakawa ya watoto. Mtu mzima haenei. Mama akamteremsha mdogo wangu ndani, akampakatisha mtoto, akamwambia, "Usitoe sauti. Na yeye asitoe sauti. Mpaka nije nikwambie nimekuja." Akafunika majani, mimi na yeye tukakimbia hadi bondeni, tukajitosa kwenye mafunjo.

Tuliporudi, jua lilikuwa juu na nyumba ilikuwa inaungua. Mkulima wetu alikuwa amelala uani, amekufa. Mama alifukua yale majani kwa mikono, akamtoa mtoto, akamtazama, na hakusema kitu chochote. Mdogo wangu alipanda mwenyewe kutoka shimoni. Kitinda mimba wetu alikuwa amefariki.

Alikuwa na kikohozi tangu juzi yake, na hewa ya lile shimo ni nzito, mtu yeyote anaijua. Mama akasema kifua ndicho kilichommaliza. Ndivyo tulivyomwambia Baba, ndivyo tulivyowaambia waliokuja kutupa pole, na ndivyo nilivyoamini mimi. Tulimzika nyuma ya migomba kwa kanga ya Mama, mimi nikisoma nilichokumbuka. Mdogo wangu alisimama kando, mikono nyuma, akingoja. Nilidhani anangoja tuondoke.

Basi tukaenda Gitega. Kwenye vizuizi vya Karusi askari walitushusha, wakatupekua, wakamuuliza mdogo wangu jina lake. Mama alimjibia haraka mno, wakatukodolea macho. Mtoto asiyejibu askari ni hatari, na hilo pia lilikuwa limo katika haraka ya Mama. Alimvalisha gauni la Idi. Usiku kucha kwa mama mdogo, Mama alikuwa anaamka, anamgusa shingo, anarudi kulala.

Nyumba yenyewe ilikuwa ghala la zamani la kahawa. Mwenyewe alikuwa mama wa kizungu mwenye mvi na viatu vya mpira, aliyejifunza Kiswahili chake Kivu. Mlangoni tulikuta watoto wa kambi ya waliokimbia makwao, familia mbili za Waislamu wa mjini, na mama mmoja Mkongomani, muuza vitenge, ana mtoto mgongoni anayeanza kutembea. Yule mtoto alikuwa anatafuna ncha ya kitenge na kutuchekea wote.

Chumba cha kwanza kilikuwa cha kijitu chenye kofia nyekundu kinacholinda zizi la ng'ombe. Kila mtoto alipewa kijiko amlishe uji. Mama wa kizungu alitueleza kwamba huko kwao ukisahau kumtilia siagi kwenye uji wake, anakasirika, anakuulia ng'ombe.

"Kumbe na kule kwabo kuna ba kuuwa ng'ombe za batu," baba mmoja akasema nyuma yangu, na watu wakacheka, kicheko kifupi cha watu walioachwa bila ng'ombe.

Chumba cha pili alikuwepo mwanamke mzuri wa mbao. Ukivuta kamba, gauni linapanda, unaona mkia wa ng'ombe. Mama mdogo alivuta ile kamba mpaka akaombwa awaachie watoto. Cha tatu kulikuwa na beseni kubwa lenye maua ya maji. Humo ndimo linamokaa zimwi la majini linalopiga fidla na kuwavuta watoto chini. Unatumbukiza mkono, na kitu kinakubana. Kilikuwa mkono wa mume wake yule mama, aliyejificha nyuma ya pazia na glavu iliyolowa. Viatu vyake vilionekana kabisa. Watoto walipiga kelele, wakakimbia, wakarudi kupanga foleni tena. Mdogo wangu alitumbukiza mkono wake, ukabanwa, akauacha humo. Akatulia. Mwishowe mzungu mwenyewe ndiye aliyeachia. Mama alikuwa ameinama akiutazama uso wake, midomo ya Mama ikitembea kana kwamba yeye ndiye atakayeongea.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kuichukia ile nyumba. Nilimchukia yule mama kwa kuwa mwema. Alitueleza kwamba mazimwi makubwa ya kwao yanakaa milimani, hayana akili, yananusa damu ya watu, na jua likiyapiga yanageuka mawe. Nikawaza kwamba yetu yanatembea mchana na yanajua majina yetu. Hata ibisizimwe vya hadithi za Kirundi, vinavyomeza watu wazimawazima, siku hizo vilikuwa havimtishi tena mtoto yeyote.

Kikabaki chumba cha mwisho, msitu wa mazimwi. Mama wa kizungu alitusimamisha mlangoni, akaweka kidole mdomoni.

"Ndani wamelala," akasema. "Sasa kila mutoto anyamaze. Hakuna kutoa sauti, hata kidogo, mupaka mimi nikuje nifungue dirisha. Jua ikiingia, mupige kelele yote muko nayo. Kelele na jua, zimwi anakuwa jiwe."

Mama alinishika mkono juu ya kiwiko. Nilidhani ni matumaini. Hapa ndipo mtoto wa jirani alipopiga ukelele wake, na kwa ajili ya hapa tulipanda lori.

Huko Norvegi, nadhani, misitu ina miti ya aina yake. Yule mama hakuwa nayo, kwa hiyo alitumia alichokuta Burundi. Alikuwa ametundika majani makavu ya mgomba kutoka darini mpaka chini, mamia kwa mamia, na katikati akajenga mlima wa magunia yaliyopakwa udongo, wenye macho na pua. Chini ya mlima kulikuwa na tundu la watoto kupenya kwa kutambaa, nalo limetandikwa majani hayohayo. Mlango ulipofungwa, harufu ilitujia yote kwa pamoja. Nilikuwa naijua ile harufu.

Watoto walitambaa gizani, wanakanyagana, wanaziba vicheko vyao. Kisha dirisha likafunguliwa, jua likaingia, wakapiga kelele zilizotikisa mabati. Zilikuwa kelele za furaha, sijui nizieleze vipi, nilikuwa nimesahau kwamba watoto wanaweza kupaza sauti namna ile bila kukimbia. Tuliangalia uso mmoja mmoja kutafuta wa kwetu. Hakuwepo.

"Na wangu iko wapi?" akauliza muuza vitenge. "Nilimuweka hapa chini, hapa hapa."

Mama alikuwa ameshapiga magoti kwenye tundu. Niliinama nyuma yake. Mdogo wangu alikuwa ndani, amekaa, mgongo ameuegemeza ukutani, amempakata yule mtoto wa Kikongomani. Kiganja chake kimoja kilikuwa kimefunika mdomo na pua ya mtoto, na kingine kilikuwa nyuma ya kichwa chake, kinamkandamiza. Mtoto alikuwa anapiga majani kwa miguu. Macho yake yalikuwa makubwa sana. Mdogo wangu hakuonekana mwenye hasira wala woga. Alionekana mwangalifu, kama anapobeba mtungi uliojaa.

"We mutoto, toa mukono," muuza vitenge akasema, akijaribu kupenya. "Toa mukono, unamuuwa."

Niliingiza mkono nikavuta vidole vyake. Havikuachia. Sikujua kwamba mtoto wa umri ule anaweza kuwa na nguvu kiasi kile. Mama akanisukuma kando, akaingiza kichwa tunduni, na kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kumwita mtu aje kula, akasema, "Nimekuja. Mwanangu, nimekuja."

Mkono uliachia saa ileile. Mtoto alivuta pumzi akalia, na mama yake akamnyakua akaanza kumpuliza usoni, akilia naye. Mdogo wangu alitambaa akatoka, majani yamemshika nywele. Akasimama mbele ya Mama. Sauti ilitoka imekwaruza, sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi.

"Mama, hakulia."

Mama mdogo alipiga vigelegele. Akamkumbatia yule mama wa kizungu, akawaambia watu wote kwamba mtoto amesema, Alhamdulillahi, mwaka mzima alikuwa bubu na sasa amesema. Watoto wa kambi walipiga makofi bila kujua sababu. Mama wa kizungu alikuwa anafuta machozi na kutabasamu. Muuza vitenge peke yake ndiye aliyetutazama, mimi na Mama, tuliobaki chini kwenye majani, kisha akamfunga mtoto wake mgongoni akaondoka bila kugombana.

"Hata kidogo hakulia," mdogo wangu akasema tena, maana hakuwa amejibiwa.

"Nimesikia, mwanangu," Mama akasema. "Ulifanya vizuri."

Nilimtazama Mama alipokuwa anasema hivyo. Hakushtuka. Uso wake haukubadilika hata kidogo, na ndipo nilipojua kwamba yeye alikuwa anajua tangu siku aliyofukua lile shimo, kwamba kikohozi kilikuwa kanga aliyomfunika nayo binti yake. Ambacho hakukijua ni kwamba binti yake alikuwa bado anamngoja aseme yale maneno.

Njia nzima ya kurudi Muyinga, mdogo wangu aliongea. Aliuliza kwa nini kofia ya kijitu ni nyekundu. Aliuliza kama yule mwanamke anakalia mkia wake au anauweka pembeni. Pale Karusi aliomba mandazi, akapewa, na askari alipomuuliza jina alilitaja lote, na la ukoo, akamwonyesha jino linalotikisika. Mama alimjibu kila swali. Nilikuwa nimeiomba ile sauti mwaka mzima, kila sala, na ndani ya lori lile nilitamani aizime. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kesho yake alikaa kizingitini na vipande vyake vya vitambaa. Vyekundu hapa, vya kijani pale. Mama alikuwa anashona.

"Mama," akasema, "na mutoto, tutaenda lini kumwambia umekuja?"

Mguu wa Mama ulisimama juu ya pedali. Njia ya Mwakiro ilikuwa imefungwa, kulikuwa na mapigano.

"Kesho," Mama akasema.

Mdogo wangu akakubali kwa kichwa, akaendelea kupanga rangi zake. Na kesho yake akauliza tena, kwa sauti ileile tuliyokuwa tumemwomba Mungu aturudishie.