Poda kwenye Kioo cha Nyuma

Juzi hapa Ruiru nilimpita fundi wa tinti, ile karatasi nyeusi ya vioo vya gari, akinyunyiza poda ya watoto kwenye kioo cha nyuma cha gari, na harufu ile ikanisimamisha.

Nilikuwa nimeinusa hivyo nikiwa mtoto, alasiri moja Thika, karibu na viwanda. Mama aliketi kiti cha nyuma cha gari letu, kimya, kama alivyokuwa tangu atoke hospitali bila mtoto tuliyemngojea.

"Weka nyeusi kabisa, vioo vyote," Baba alimwambia fundi. "Jua linamsumbua Mama Shiru."

Shiru ni mimi. Fundi alipaka poda, akatandaza tinti juu yake, kisha akaipuliza kwa mashine ya hewa moto iliyonguruma kama paka aliyeshiba. Kwa vile kioo kilikuwa kimepinda, tinti ilisimama mikunjo mikunjo kama shuka. Joto likipita, mikunjo ilijikunyata ikalala. Nami nilijua vizuri poda hupakwa nani.

"Mami, gari inapakwa poda! Mtoto anakuja leo?"

Mama aliweka kiganja kwenye kioo, upande wa ndani. Fundi akazima mashine, akangoja. Baba akageukia moshi wa viwanda.

Tulirudi nyumbani tukiwa ndani ya kivuli kipya. Humo ndimo Mama alimolia kwa sauti, mara ya kwanza. Watu wa kando ya barabara walichungulia, wakaona nyuso zao wenyewe tu.

"Baba, tinti haifanyi kazi," nilisema. "Jua bado linamsumbua."

"Inafanya," alijibu, akapunguza mwendo.