Ng'ombe za Ankara Niliyoiuza

Nilipoiuza ile ankara nilijiona mjanja. Nilikuwa nimeipelekea shule moja ya bweni kule Butiama mahindi, maharage na dagaa kwa muhula mzima, na mwenye shule, mzee anayejuana na baba tangu ujana wao, kila mara ananiambia nivumilie. Duka langu liko Manyamanyama, Bunda, na wavuvi wanaoniuzia dagaa hawajui kuvumilia. Ndipo nikasikia kuna kampuni Musoma inayonunua madeni ya wafanyabiashara. Unawapa ankara, wanakupa sehemu kubwa ya fedha papo hapo, kisha mdaiwa anawalipa wao, si wewe. Asipolipa kwa miezi mitatu, deni linakurudia, na dhamana yako inauzwa.

Dhamana yangu ilikuwa nyumba. Vyumba vitatu, naishi humo na wanangu wawili. Mwenye shule alisaini barua ya kukubali kuilipa kampuni, akasaini harakaharaka huku akiniuliza baba anaendeleaje.

Mwezi wa tatu tangu niiuze ankara ulipoanza, dada mmoja wa ile kampuni akaanza kunipigia simu kuuliza malipo yako wapi. Niliogopa mpaka nikaizima simu. Wiki mbili nzima niliizima, mtu mzima na akili zangu. Mwishowe nikajikaza, nikaenda Butiama.

Mwenye shule alinipokea kwa furaha. "Mwanangu, si nilishalipaga? Nilipeleka ng'ombe sita kwa mzee wako kule Mwitongo. Hujaambiwa?"

Nikamkumbusha ile barua.

"Hao wa Musoma mimi siwajui," akasema. "Chakula uliniletea wewe. Nimpe mgeni ng'ombe zangu, na baba yako yupo?"

Hakuwa tapeli, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Tapeli ningemshitaki. Huyu alikuwa amelipa kama watu wetu wanavyolipana, kwa mzazi, mbele ya majirani, tena ameongeza ng'ombe mmoja kwa heshima. Nikamshukuru, nikaaga.

Nikaenda moja kwa moja Mwitongo, kwa baba. Zizini palikuwa na ndama wawili tu. Baba akanieleza, akicheka, kwamba ng'ombe walikwenda ukweni Jumamosi iliyopita na mdogo wangu ameshaletewa mke wake. Mimi sijaolewa, kwa hiyo hakuna ng'ombe aliyewahi kuingia pale kwa ajili yangu, na baba alikuwa ananichokoza kwa hilo kila Krismasi. Walipoletwa sita kwa jina langu, hakuuliza ni wa nini.

"Nilikupigiaga simu, haupatikani. Nikasema huyu binti amemkumbuka mdogo wake, sasa nisubiri nini?"

Nikamweleza yote, nyumba, kampuni, miezi mitatu. Kicheko kikamwisha. Akasema kwa sauti ya chini, "Basi zirudi. Nitaenda ukweni mwenyewe."

Wifi yangu alikuwa amefika mlangoni na maji ya kuninawisha. Alisikia. Msichana wa watu, ndiyo kwanza ana siku nne pale, na kila mtu anajua ng'ombe wakirudi na mke anarudi. Alipiga magoti akanimiminia maji.

"Wifi, karibu," akanong'ona.

Nikamwambia baba asiende popote. Nilisema kwa hasira, nikamgombeza mbele ya mkwewe, kitu ambacho sijawahi kufanya.

Kesho yake nilikuwa Musoma, mbele ya yule dada wa kampuni. Alinisikiliza kwa adabu. Alisema kwa kuwa malipo yalifika kwetu, kampuni haitahangaika na shule, itanidai mimi kama mkataba unavyosema. Kama ng'ombe wapo, niwauze nilete fedha.

"Hizo ng'ombe ziko wapi kwa sasa, dada?"

"Zimeoa."

Akaacha kuandika. Alikuwa mtu wa hukuhuku, alielewa, akainamisha macho. Kisha akafungua droo, akatoa fomu ya siku kumi na nne, kwamba zikiisha sijalipa nyumba inauzwa, na kunionyesha mahali pa kuweka sahihi. Niliwaza wanangu, niliwaza watalala wapi.

Nikasaini.