Kwato Chini ya Kanzu

Sijui kama nitaliandika hili sawasawa, shule yangu iliishia darasa la saba, lakini nisipoliandika leo sitalala.

Nauza nyuzi na vifungo Kariakoo, baraza moja na fundi cherehani, mzee wa Lindi. Mzee huyu ana kisa chake ambacho watu huja kukisikiliza hata wasipokuwa na nguo ya kushona. Ujanani alikuwa akicheza karata kwenye nyumba moja upande wa Mnazi Mmoja. Siku hiyo akaja mgeni, kanzu nyeupe, ananukia, anawafunga wote. Karata moja ikateleza mkekani ikaingia chini ya pindo la kanzu yake. Mzee akainama kuiokota, akaona kwato. Kwato za punda. Huwa anaapa kwamba aliziona kwa macho yake mwenyewe.

Leo asubuhi alikuja sista mmoja wa Kizungu, mtu wa umri wake, kuchukua mapazia. Ameishi kusini miaka mingi, na Kiswahili chake ni cha huko huko. Alisikiliza kisa mpaka mwisho, kisha akajipiga paja kwa furaha.

"Mzee mwenzangu, hii mbona ipo kwetu Ayalandi, kijijini kabisa. Karata ilimdondoka mjomba wangu. Akainama chini ya meza, akakuta kwato za mbuzi. Nyumba ipo mpaka leo na hakuna anayethubutu kulala mle."

Mchaga wa duka la vitenge la jirani alicheka mpaka akashika mlango. "Kumbe mzee umekopi kwa Wazungu. Miaka yote unatulisha ya Ayalandi."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, nisijitoe. Tena nisimwonee Mchaga: mzee akiumwa, yeye ndiye humpelekea uji.

Mzee akaondoa mguu kwenye pedeli. Mafundi wa mapazia wamejaa Kariakoo nzima, ila aliyeona kwato alikuwa yeye peke yake, na sasa alikuwa anageuzwa mwongo mbele ya wateja wake.

"Sista," akasema polepole, "huyo mjomba wako alikuwa mwongo?"

"Hata kidogo. Mjomba hakuwa mtu wa uongo."

"Basi na mimi siyo."

Mchaga akakuna kichwa. "Haya, tupeleke tukaione hiyo nyumba yako ya Mnazi Mmoja."

Tukaenda kweli. Biashara yangu nilimwachia mke wa Mchaga, nikawafuata nikipishana na mikokoteni, nusu natembea, nusu nakimbia, kama mimi ndiye niliyeitwa mwongo.

Nyumba haipo. Pana ghorofa, chini fremu za maduka ya simu na mabegi, muziki juu.

"Kwetu pangeachwa hivi hivi," sista akasema.

"Sista, hapa Bongo hakuna fremu ya kuachwa. Hata huyo jini angedaiwa kodi," Mchaga akamjibu.

Tukacheka sote, mzee naye. Sista akaingia, Mchaga akafuata, na mimi nyuma yao. Tulipogeuka, mzee alikuwa bado nje. Sista akamwita. Akainua mguu juu ya kizingiti, akaurudisha. Jasho lilikuwa linamtoka, na pale palikuwa kivulini.

"Ingieni nyie," akasema. "Mimi nilishaingia."

Najua mtu anaweza kuogopa hata kitu ambacho hakuwahi kukiona, lakini je, jasho lile lingetoka wapi? Hilo nimeligeuza huku na huku jioni yote na sijapata jibu, pengine mwenye elimu angelipata. Ninachojua ni kwamba Mchaga alitoka, akasimama ubavuni mwake.

"Nisamehe, mzee wangu," akasema kwa sauti ya chini. Kisha akashindwa kujizuia: "Kwato ilikuwa mguu wa kulia au wa kushoto?"

"Yote miwili," mzee akajibu, akaanza kusimulia pale pale barabarani, upya, na wauza simu wakaacha fremu zao wakatoka kusikiliza.