Sosi ya Holandezi na Ndimu Zangu Tatu

Wabaya wangu ni wanne, na leo nawataja wote. Majina siyaandiki, maana Mji Mkongwe huu ukikohoa Shangani unapewa pole Malindi, lakini kila mmoja atajijua kwa kazi yake. Wa kwanza ni aliyekuwa mume wangu, aliyeniacha kwa ujumbe wa simu wakati niko Darajani nachagua bamia. Huyu hahusiki na habari hii, ila sioni kwa nini asitajwe. Wa pili ni mpishi mkuu wa hoteli, aliyenifundisha kazi kisha akakimbia. Wa tatu ni mwanamke mwenzangu wa jikoni. Wa nne ni yai.

Shule niliishia darasa la tano. Nimenusurika na mengi: hiyo talaka, homa iliyonilaza miezi miwili, na ule wakati wa corona wageni walipokatika, hoteli ikafungwa, nikabaki nauza urojo barazani kwangu. Urojo wangu, ule mchuzi mzito wa manjano unaotiwa bajia na kachori, ulikuwa mkali na mchachu mpaka watu wakija na mabakuli yao kutoka mtaa wa tatu. Nayasema haya mapema ili mjue kuwa ulimi wangu ulikuwa na sifa. Hapo ndipo ulipoanzia msiba.

Hoteli ilipofunguliwa nikarudi kukata mboga na matunda. Mkahawa wake uko juu ya paa, na Jumapili wageni wanaamka saa nne, wanapanda huko kula chakula ambacho si cha asubuhi wala si cha mchana, wenyewe wanakiita branchi. Mfalme wa branchi ni mayai ya pochi. Yai linavunjwa, linatiwa bila gamba ndani ya maji ya moto yenye siki, na baada ya dakika tatu linatolewa, jeupe nje na kiini kingali maji. Linakalishwa juu ya mkate uliochomwa na kipande cha samaki wa moshi, halafu linamwagiwa sosi ya holandezi. Sosi hiyo ni viini vya mayai na siagi, vinachapwa juu ya mvuke mpaka viwe vizito, kisha ndimu na chumvi, vyote kidogo.

Siku ya kwanza kuliona yai lile likikatwa, nilimwendea mpishi mkuu kwa huruma.

"Baba, hili halijaiva."

"Limeiva, mama."

"Linakwenda mbio sahanini, limeiva wapi?"

Akacheka akaenda zake. Mimi nilikulia nyumba ambayo yai la kutiririka alipewa mtu mwenye kikohozi, tena kwa kufumbwa macho. Kwa hiyo mpishi alipotoka kidogo, nikalichukua yai la mgeni mmoja nikalirudisha majini nikalipika kama anavyopikiwa binaadamu. Lilirudi jikoni baada ya muda si mrefu. Mpishi mkuu akaligonga na kijiko mbele yangu, likalia.

"Hili mama, ukimrushia mtu, unafungwa."

Yai lilinishinda, lakini sosi niliiweza siku ile ile. Wenzangu wote ikiwakatika, siagi kule, viini kule. Mimi nimekoroga tui la nazi tangu nina miaka saba, najua kuwa kitu kama hicho hakitaki moto wa hasira wala mkono wa kupumzika. Nikachapa, nikachapa, ikashikana kama hariri. Mpishi mkuu akasema mbele ya watu, "Huyu mama ana mkono." Neno hilo lilinipanda kichwani, na kichwani kwangu palikuwa na nafasi nyingi.

Ramadhani ya mwaka juzi, katikati ya mwezi, mpishi mkuu akapata hoteli kubwa Nungwi akaondoka. Mwenye hoteli yetu ni bibi wa Kizungu anayeishi kwao na kuja mara mbili kwa mwaka. Wiki ile alikuwepo. Akatukusanya akasema Jumapili atakula branchi na wageni wake sita, na atakayempikia mayai yale yakamridhisha ndiye atakayeshika jiko la asubuhi. Wenzangu wakanitazama mimi.

Nawaambia ukweli, nilichokitaka zaidi si jiko. Ilikuwa kofia. Ile kofia ndefu nyeupe ya mpishi, aliyoiacha kwenye msumari. Nilikuwa nimeshaijaribu stoo juu ya ushungi wangu, nikajitazama kwenye kifuniko cha sufuria. Miaka hamsini kasoro, nimekata matango ya kutosha kujaza bandari, nikasema kofia hii ni haki yangu.

Jumapili ikafika. Mapazia ya mkahawa yameshushwa, kwa heshima ya wanaofunga. Nikachapa sosi yangu, ikatoka inang'aa. Nikatia nusu ndimu na chumvi kidogo, na hapo nikakwama, kwa sababu nimefunga na vitu hivyo mtu hupima kwa ulimi. Wanaojua dini wanasema mpishi anaweza kuonja kwa ncha ya ulimi akatema. Najua. Lakini mimi siku ile niliamua kuwa mcha Mungu kuliko nilivyotakiwa.

Majumbani kwetu jambo hili lina dawa yake. Anaonja mwanamke aliye kwenye udhuru wake wa mwezi, ambaye hafungi siku hizo. Mimi likizo hizo zimeshanipita. Nikawa nahangaika na bakuli mkononi, mara akaingia mhudumu wa mezani, mtu wa Mwanza, Mkristo, baba wa watoto wawili, mpole.

"Shikamoo mama. Nikuonjee?"

"Marahaba. Wewe? Uonje hii wewe?"

"Mimi sijafunga, mama. Na nilikuwa namtazama chef kila Jumapili."

"Baba, kapange vijiko. Sosi si ugali."

Akaenda kupanga vijiko. Hapo mwenzangu, yule mbaya wangu wa tatu, aliyekuwa anamenya viazi, akanisogelea akanong'ona.

"Shoga, mimi leo n'na udhuru. Lete."

Akageukia ukutani, kama adabu inavyotaka, akachota, akaonja.

"Imepooza."

"Imepooza vipi?"

"Imelala, shoga. Kama uji wa mgonjwa. Ndimu."

Nikakamua nusu iliyobaki. Akaonja.

"Bado. Wee mbona mkono wa birika leo? Kamua!"

Nikakamua ya pili. Akasema sasa chumvi imezidiwa na ndimu, nikatia chumvi. Akasema sasa ndimu imezidiwa na chumvi, nikakamua ya tatu. Mwisho akaomba na pilipili ya kuwasha, kiduchu tu, ya kuiamsha. Akaonja tena, akafumba jicho moja, bega likamcheza.

"Haya. Sasa inasema."

Nikapakua. Mayai niliyatoa kwa dakika tatu kamili huku nimegeuza uso. Nikavaa kofia. Ndiyo, niliivaa kabla ya kupewa, nikasimama nyuma ya pazia nichungulie nikisifiwa.

Bibi wa Kizungu akatia tonge la kwanza. Uso wote ukamkusanyikia puani. Mgeni wa kuliani kwake akakohoa, wa kushotoni akanywa maji yake, kisha akanywa na ya mwenziwe. Mhudumu akaja jikoni.

"Mama, wanauliza kama kuna sosi nyingine."

Moyo ukanipaa. "Wanataka zaidi?"

"Hapana, mama. Wanataka nyingine."

Nikakaa juu ya gunia la viazi na kofia yangu. Yeye akanawa mikono, akavunja mayai, akachapa sosi mwenyewe. Ilikuwa nyepesi, karibu kukatika, lakini akaionja mara mbili, akatia ndimu matone, akapeleka. Sahani zikarudi tupu. Jioni yake akapewa jiko. Mimi nilikuwa bado na kofia kichwani alipokuja kuiomba, na aliiomba kwa adabu mpaka nikazidi kuona haya.

Ilinipasa haya hiyo inifunge mdomo siku ile ile. Badala yake nikatoka nikaanza kumtangaza mwenzangu. Nilimwambia fundi cherehani, nikamwambia muuza mkaa, nikawaambia wanawake wa foleni ya maji: kanihusudu, kanikamulisha ndimu tatu ili niharibikiwe. Mtu mmoja akaniuliza, "Sasa yeye kapata nini?" Nikamwambia hasidi hana haja ya kupata. Nilikuwa na majibu mengi mwezi ule. Mwenzangu akaacha kuniamkia, na Sikukuu haikuja sahani yake ya tambi za sukari, ambayo haikukosa hata mwaka wa corona.

Wiki moja baada ya Sikukuu nikaamua kuutia uongo wake ushahidi. Nikanunua mayai na siagi, nikawaita fundi cherehani na mkewe wakae barazani wawe mashahidi. Nikaipika sosi kwa kipimo cha mpishi mkuu hasa: nusu ndimu, chumvi ya kushika kwa vidole viwili. Safari hii mchana, tumbo limeshiba, ulimi huru. Nikaonja mbele yao niwaambie, mnaona, ilikuwa tayari.

Ilikuwa imepooza.

Nikatabasamu kwa ajili ya mashahidi, nikaonja tena. Imelala kabisa. Mkono wangu ukaenda kwenye ndimu wenyewe, wallahi sikuutuma. Nikakamua moja. Nikatia chumvi. Nikakamua nyingine. Nilipozinduka nimeshika pilipili, na bega langu linacheza.

"Vipi?" mke wa fundi akauliza.

Nikampa kijiko. Akalamba, akamtazama mumewe, akasema, "Mbona tamu?" Wakaimaliza kwa viazi vya kuchemsha na mayai yaliyoiva mpaka ndani. Mimi nikawa nalitazama bakuli. Mwenzangu hakunidanganya hata kidogo. Alionja kwa ulimi wake wa haki, na ulimi wake na wangu vimelelewa na urojo mmoja. Mtu pekee pale jikoni mwenye ulimi unaojua Wazungu wanataka nini nilimtuma akapange vijiko.

Nikatengeneza sosi nyingine, nikaifunika kwa kawa, nikaenda nayo kwa mwenzangu Kikwajuni. Nilikuwa nimejitungia maneno ya kuomba radhi njia nzima. Alifungua mlango, akanitazama, akatazama kawa.

"Umeniletea sumu?"

"Onja."

Akaonja pale pale mlangoni. Nikamwambia nimekosa, nimekutangaza mji mzima bure, nisamehe. Akaonja tena.

"Umekosa mara mbili," akasema. "Hapa ndimu imepungua. Ingia ndani."

Jiko sikulipata, na ikiwa mnangoja nilipate, hamlioni. Chef sasa ni yule wa Mwanza, na mimi namwita Chef na matango nayakata. Lakini yeye hakukoroga tui utotoni, na mkahawa ukijaa sosi yake inakatika, siagi kule, viini kule. Jumapili moja ilimkatika mara mbili na meza tisa zinangoja. Akaja nilipo, kisu changu ndani ya tango.

"Mama, nisaidie mkono."

"Na ndimu?"

"Ndimu nitatia mimi, mama."

Nikanawa mikono nikaenda. Toka siku hiyo kila Jumapili mimi nachapa na yeye anaonja, na kofia iko kichwani kwake, inamkaa vizuri kuliko ilivyonikaa mimi. Ananiambia nikimaliza, "Ahsante mama," nami narudi kwenye matango.

Juzi mwenzangu alisimama nyuma yetu na viazi vyake, akainusa sosi ikipita.

"Masikini," akaninong'oneza. "Imelala."

Nikamwambia anyamaze, Chef asisikie. Lakini ilikuwa imelala kweli.