Usingizi wa Mchana

Watu wakisikia kwamba mdogo wangu wa kiume alikuwa mkimbiaji wa taifa, hudhani nilimwonea wivu safari zake. Ni kweli alipanda ndege wakati mimi sijapanda hata treni ya kwenda Tanga. Alirudi na suti ya michezo yenye zipu, akarudi na redio ndogo ya mkononi, na picha yake ilitoka gazetini, amekunja uso kama mtu anayebanwa na kiatu. Hayo yote niliyamudu. Kilichonitia kijiba cha roho ni kwamba kila siku baada ya chakula cha mchana alilala, na nyumba nzima ilitembea kwa kunyata asije akaamka.

Tulizaliwa Old Moshi, mimi wa kwanza, yeye wa pili, tumeachiana ziwa. Shuleni tulikwenda kwa kukimbia, kwa sababu mama hakutuachia mpaka ng'ombe wamepewa majani, na kengele haikumsubiri mtoto wa mtu. Ukishavuka mfereji kuna kilima, na pale kila asubuhi nilimwacha. Nasema bila kuona haya: nilimwacha. Aliniita nyuma, "Dada, ngoja!" nami nikazidi kukaza. Yalipokuja mashindano, wasichana tulipewa mbio fupi tu, maana waliamini mbio ndefu zingetuharibu tumbo la uzazi. Mbio ndefu akakimbia yeye, akashinda, wakambeba juu juu kuzunguka uwanja. Nikasimama pembeni nikijiambia kwamba wanambeba mtu niliyemwacha asubuhi ile ile.

Miaka michache baada ya Uhuru tuliletewa mwalimu mpya wa michezo, mtu mwembamba wa maneno machache aliyewahi kukimbia jeshini. Akachagua vijana kadhaa, mdogo wangu akiwamo, akaanza kuwafundisha mbio ndefu nje ya saa za masomo. Nilitegemea atawakimbiza mpaka watapike. Kumbe asubuhi aliwakimbiza taratibu, kwa mwendo wa mazungumzo. Aliyeshindwa kusimulia kisa huku anakimbia aliambiwa apunguze. Siku moja tu katika juma ndiyo walipanda mlima kwa nguvu zote, wakashuka kwa kutembea, wakapanda tena, mpaka ukingo wa msitu. Jumamosi waliteremka barabara ya kuelekea Holili, kwenye joto na vumbi, wakaenda mbali mpaka mwalimu aseme geuzeni.

Vijana wengi waliona huo ni utani. Kila asubuhi walikuwa wakishindana kuonyeshana ubabe, na haikupita muda huyu akashika goti, yule akashika nyonga, mmoja mmoja wakaisha. Mdogo wangu hakuwa na shida na kuachwa. Aliwaacha waende, akajikokota nyuma yao na hadithi zake, na mwezi baada ya mwezi mwalimu akamwongezea kidogo. Uvumilivu huo alijifunza kwenye kilima chetu, akitazama mgongo wangu, na hakuna gazeti lililoandika hivyo.

Halafu mwalimu akaja nyumbani kuzungumza na baba.

"Mzee, mwili haujengwi barabarani," alisema. "Barabarani unabomolewa. Unajengwa kitandani."

Akaomba kijana apewe maziwa kila siku na aachwe alale mchana, kabla ya mazoezi ya jioni. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, mtu aliyeamini kwamba anayelala jua likiwa juu anajiandaa kuwa mwizi. Nilikaa jikoni nikisubiri amfukuze yule mwalimu. Baba akasema sawa.

Na hapa lazima nieleze maziwa yalitoka wapi. Ng'ombe wetu hawakutoka bandani. Kihamba chote, shamba linalozunguka nyumba, kilikuwa migomba na kahawa, hakuna pa kuchungia. Majani yalifuatwa chini kabisa, tambarare, na wanawake. Kila mchana mimi na mama tuliteremka na mundu, tukakata, tukafunga kwa kamba za migomba, tukatwikana, tukapanda. Mzigo ule unakufunika macho, unaona vidole vyako vya miguu tu na tope. Masika njia inateleza, unapanda hatua moja unarudi nusu. Nilipofika uani hakukuwa na wa kunitua, maana mama naye alikuwa na wake, basi nilijirusha pembeni mzigo ukaanguka kwa kishindo. Mama akaweka kidole mdomoni. "Polepole, mdogo wako amelala."

Nilikuwa nasimama pale, maji ya majani yakinichuruzika shingoni, nikitazama dirisha lililofungwa. Nilikuwa namwona kwa akili yangu: amenyooka, mdomo wazi, usingizi wa pono, majani yangu yanageuka maziwa na maziwa yanageuka miguu. Nilimchukia. Jioni alipotoka amevimba macho akaniuliza kama kuna kiburu cha ndizi na maharage kimebaki, nilimkata jicho.

Mwalimu aliniona njiani siku moja nikiwa napanda na mzigo. Alitembea nyuma yangu mpaka juu, na tulipofika yeye ndiye aliyekuwa anahema. Baadaye akaniambia kwamba mkoa unatafuta wasichana wa mbio ndefu kwa mara ya kwanza, na kwamba watajaribiwa mjini. Nikaenda. Nilikimbia pekupeku kwenye uwanja wa Moshi, sketi ya shule nimeifunga kwa uzi kiunoni, na wakati wa kumaliza sikusikia hatua za mtu nyuma yangu. Kulikuwa na wasichana wa Machame waliokuja na viatu vya raba. Waliniamkia kwa heshima baada ya hapo, ingawa tulikuwa rika moja, na mimi nilifurahi mno kupita kiasi.

Jioni hiyo hiyo mwalimu alipanda mpaka kwetu. Akamwamkia baba, akapewa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kata, akasifu mbege. Ndipo akasema kwamba binti huyu ana kitu kuliko hata mdogo wake, lakini kitu hicho kinataka miaka mingi. Huu mwaka akimbie kidogo, mwakani zaidi kidogo, na akifika umri ambao wenzake wanazaa ndiyo kwanza atakuwa anaanza kuiva. Ila hawezi kubeba majani mchana na kufanya mazoezi jioni. Atavunjika. Naye lazima alale.

"Na majani ataleta nani?" baba aliuliza.

"Wapokezane, mzee. Leo huyu, kesho yule."

Baba alicheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyeambiwa jogoo atataga. Mwanamume na ngata kichwani, anapita mbele ya watu! Lakini alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Alipoona mwalimu hacheki, aligeuka kwa mdogo wangu aliyekuwa ameegemea mlango, akamuuliza, "Wewe unasemaje? Utakwenda?"

Nilijua, kama ninavyojua sasa hivi, kwamba angesema ndiyo baba angekubali. Kila kitu changu kilikuwa pale, mdomoni mwa mtu mmoja. Mama aliacha kumenya ndizi. Mdogo wangu alinitazama, akamtazama mwalimu, akaanza kukwaruza fremu ya mlango kwa ukucha. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

"Basi," baba alisema, akamwongezea mgeni mbege.

Kesho yake tuliteremka tambarare kama kawaida.

Mdogo wangu akachukuliwa jeshini, huko ndiko wakimbiaji walikotunzwa. Miaka ya mwanzo alikuwa anapigwa vibaya, anamaliza katikati ya kundi, nami nikawa napata nafuu. Akija likizo alisimulia: wanakimbia asubuhi, wanakula, wanalala, wanakimbia jioni, wanakula, wanalala. Kila mwaka umbali unaongezwa. Miguu ikizoea mbio za uwanjani, wanapelekwa za nyika. Ikizoea za nyika, za barabarani. Alizungumza habari ya kulala jinsi mchungaji anavyozungumza habari ya sala. Akakaribia miaka thelathini, umri ambao mimi nilishaolewa na nina watoto na ng'ombe wangu mwenyewe na majani yangu mwenyewe, ndipo akaiva. Ilikuwa vilevile alivyosema mwalimu, neno kwa neno, ila kwa mtu mwingine.

Redio ilipotangaza jina lake kuwa mshindi, majirani walikimbilia kwangu kunipongeza. Nilishangilia nao. Nilikuwa nimemwombea ashinde na nimemwombea akwame, katika sala moja, na sikujua nimshukuru Mungu kwa lipi. Alipopokewa mjini Moshi alipewa kipaza sauti. Akakishukuru Chama, akawashukuru viongozi, akamshukuru mwalimu wake, akashukuru maziwa ya nyumbani. Maziwa! Watu wakacheka, wakapiga makofi. Ng'ombe alipigiwa makofi na mimi nimesimama pale na kitenge changu kipya.

Alistaafu baada ya vita vya Uganda, mshipa wa kisigino ukiwa umekufa. Akarudi kwa mama, baba akiwa ametangulia. Ulikuwa wakati wa kupanga foleni ya sukari na sabuni, na bingwa wa zamani alipanga kama sisi sote. Mama alipougua nilikwenda kumuuguza, na kwa kuwa ng'ombe hawaugui pamoja na mwenye nyumba, mchana niliteremka nikakata majani. Nilipanda taratibu, sikuwa msichana tena. Nilipofika uani nikajirusha pembeni kama zamani.

Mdogo wangu alitoka chumbani akichechemea, hana shati. Alitabasamu.

"Kishindo chako hakijabadilika, dada."

"Umekijulia wapi? Ulikuwa unalala."

"Nilikuwa silali," alisema. Alikaa kwenye kizingiti. "Siku nyingine ndiyo, lakini siku nyingi nilikuwa macho. Nilikuwa nakusikia tangu unapokata kona ya mfereji, unavyohema. Nilikuwa nasubiri utue, halafu ndiyo nageuka upande wa pili. Usingizi ulikuwa hauji, dada. Kweli tena."

Alisema kwa sauti ya chini, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayekupa zawadi. Nadhani alitaka nimwonee huruma. Alidhani nitafarijika nikijua kwamba hakuufaidi usingizi ule.

Lakini mimi miaka yote ile nilikuwa nimeufanya usingizi wake kuwa udhuru wake. Aliyelala hasikii. Aliyelala hajui nani amesimama uani na shingo inayotetemeka. Wivu wangu wote ulikuwa umekaa juu ya hapo, na palikuwa mahali pa kukalika.

"Ulikuwa macho," nikasema.

"Nilikuwa macho."

"Kwa nini hukutoka ukanitua?"

Kuku walikuwa wameshafika kuparua majani yangu, nikawafukuza.

"Bora ungekuwa umelala," nikamwambia, nikabeba fungu la kwanza kuwapelekea ng'ombe.