Vumbi la Mirihi na Simu ya Hamadi

Nakumbuka siku moja ya baridi kali, mwanangu, nilipokuwa msichana nikisoma hapa Minneapolis. Mimi na kaka yangu Hamadi tulikuwa kwa Mzee Shee, mtu wa Lamu aliyetutangulia nchi hii, na televisheni yake ilikuwa ikionyesha Mirihi. Chombo kisicho na mtu kilikuwa kimeifikia sayari ile, lakini picha zake zilikuwa ukungu mtupu. Mirihi nzima ilikuwa imegubikwa na dhoruba ya vumbi, na chombo kikaamriwa kizunguke tu, kingoje.

Hamadi hakutazama. Binamu yetu aliyetoka Mombasa alikuwa amemwambia kwamba baba amemfukuza mama nyumbani.

"Mzee, naomba simu yako."

"Ngoja kwanza, mwanangu," akasema Mzee Shee. "Kuna vyombo viwili vya nchi nyingine, vilipangiwa kushuka vikifika tu, iwe vumbi isiwe vumbi. Kimoja kimepondeka. Cha pili kimesema kidogo, kikanyamaza. Wewe nani anakusukuma?"

Hamadi akapiga. Baba akaitwa kwa jirani mwenye simu, na hata salamu hakuachwa amalize.

"Kuanzia leo sina baba," Hamadi akasema, akakata.

Mzee Shee akainuka, akazima televisheni. "Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi."

Kumbe mama hakufukuzwa. Alikwenda Malindi kumuuguza bibi. Habari hiyo ilitufikia wiki chache baadaye, pamoja na nyingine: baba ameanguka akitoka kuswali, na wameshamzika. Jirani alituambia marehemu hakumlaumu mwanawe hata kidogo. Aliuliza tu kama huku tuliko tuna makoti ya kutosha.

Vumbi la Mirihi likatua, milima na mabonde yakaonekana, watu wakashangilia. Hamadi alitoka nje. Sasa ni mzee, anaishi Richfield, mji wa jirani, na hadi leo watoto wake wakimwita "baba" husita kuitika.

Mwanangu, siku hizi mnalala na simu mkononi, na neno la hasira linafika kwenu kabla chai haijapoa. Ukiletewa habari mbaya ya mzazi wako, muulize yeye mwenyewe, kisha unyamaze umsikilize mpaka amalize. La kuvunda halina ubani: kilichokwisha kuoza, hakuna ubani wa kukiondolea harufu.

Mungu akukunjulie moyo, akupatanishe na wazazi wako wangali wanakusikia.