Trekta Refu Mteremkoni

Nina diploma ya mitambo ya kilimo niliyoipata Ulaya, na hapa Marani hakuna anayenunua trekta bila kuniita. Leo harufu ya dizeli imenirudisha kwenye shamba letu la mteremko, nikiwa msichana mdogo.

Muuzaji alileta matrekta mawili tuyajaribu, moja fupi na pana, jingine refu. Baba alipanda lile refu, aonekane hata ng'ambo ya bonde. Alipokata kona katikati ya mteremko, gurudumu la upande wa juu liliinuka, likazunguka hewani.

“Tata, ruka,” nilimlilia baba.

“Usiruke, litakulalia,” mama alisema taratibu, akiwa amesimama upande wa juu. “Egemea huku kwangu.”

Baba aliegemea, gurudumu likashuka. Alizima injini, lakini vidole havikuachia usukani. Mama alivibandua kimoja kimoja, kisha akamwambia muuzaji, “Tuachie lile fupi.”